Mwalimu wa Vichwa Apinga Kanuni ya Vichwa

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Ligi ya Watoto.

Salamu za heshima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kichwa chako hakijaguswa na kitu chochote, kama kanuni yenu mpya inavyotaka.

Mimi ndiye yule mzee wa kofia ya kijani. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi hufunga kamba kwenye mwamba wa goli lililo karibu na bomba la maji, nikaning'iniza mpira, nikawapanga watoto mstari, nao wakaupiga kwa kichwa mmoja mmoja. Wananiita Mwalimu wa Vichwa. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa. Wiki iliyopita mmebandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo: mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili haruhusiwi kupiga mpira kwa kichwa, mazoezini wala kwenye mechi, kwa usalama wa ubongo wake. Nina malalamiko yafuatayo.

1. Sikushirikishwa. Mmemshirikisha daktari. Nilimuuliza daktari huyo mbele ya wazazi kama amewahi kufunga goli hata moja maishani mwake. Akakiri kwamba hajawahi.

2. Jumamosi, dakika ya saba, wapinzani wetu walipiga kona. Watoto wote waliokuwa mbele ya goli wakainama kwa pamoja kama waliopitiwa na nyuki. Mpira ukadunda mara moja, ukaingia wavuni bila haraka. Golikipa wetu naye alikuwa ameinama. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Babu, si mmesema vichwa marufuku? Mimi changu nimekiondoa njiani." Refa akabaki anakuna kichwa, jambo ambalo naona kanuni haijalikataza.

3. Mjukuu wangu wa kike ana miaka kumi na uwanjani anaitwa Nyundo. Jina hilo hakupewa kwa ajili ya miguu. Katika mechi hiyohiyo alikuwa anafunga kamba ya kiatu, mpira ukamgonga kisogoni, refa akapuliza filimbi dhidi yake. Nyundo akamwambia, "Refa, mpira ndio umenipiga mimi. Upe wenyewe kadi!"

4. Kama nia ni kulinda vichwa, mbona mmeanza na mpira? Kila Jumapili msusi humvuta Nyundo nywele kwa saa mbili na nusu, mpaka macho yanakaribia kwenda masikioni. Hakuna refa anayepuliza filimbi. Nyundo mwenyewe anasema hesabu za kugawanya humuumiza kichwa kuliko kona yoyote. Kwa hiyo naomba kamati ipige marufuku kusuka na kugawanya kwa wote walio chini ya miaka kumi na miwili. Mkishindwa, turudishieni kona.

5. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ni langu. Kocha wa timu ni binti yangu. Baada ya tangazo lenu aliniambia, "Baba, wewe kusanya koni za mazoezi tu, kisha ukae kivulini." Koni ziko kumi na mbili, Ndugu Katibu. Kuzikusanya kunachukua dakika nne, na hapo nakwenda taratibu. Siku sita za wiki nabishana na redio. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watu hupanga mstari kunisubiri mimi.

Kwa hayo, naomba kanuni ifutwe kabla ya Jumamosi ijayo.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, refa, na mama anayefua jezi. Daktari naye msalimie, ila kwa kifupi.

Wako katika mpira,
Mwalimu wa Vichwa

Nyongeza: Utaona kwamba mwandiko wa nyongeza hii si wangu. Jumatano nilining'iniza mpira kwenye mlango wa stoo ili kumthibitishia binti yangu kwamba hakuna hatari yoyote. Vichwa viwili vya kwanza vilikwenda vizuri. Cha tatu niliukosa mpira nikaupata mlango. Binti yangu aliponiuliza leo ni siku gani, nilimjibu, "Mbili moja." Daktari, yuleyule, amenikataza kusoma na kuandika kwa siku kumi, hivyo mimi natamka nikiwa nimefumba macho na Nyundo anaandika. Amekwisha kuishusha ile kamba mpaka usawa wa magoti. Anasema Jumamosi nitawafundisha kupiga voli, mpira wa hewani kwa mguu, na ameshawaambia wenzake wapange mstari. Kwa hiyo iacheni kanuni kama ilivyo, ila baada ya "chini ya miaka kumi na miwili" ongezeni maneno haya: "na juu ya sitini." Maneno hayo ni ya Nyundo. Nimemwambia ayaache yabaki.