Folda Zimevuliwa Rangi Zangu

Kwako Mjomba Eusebio,
Rutamba.

YAH: KUNYANG'ANYWA MAUSI YA KOMPYUTA BILA KOSA

Mjomba shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na mikorosho inakusikiliza. Mimi mzima, ila nimedhulumiwa, na aliyenidhulumu ni dada Restuta, uliyemkabidhi duka la kuchapa hapa Lindi, mimi ukaniweka niwe fundi wake.

Mjomba, folda zote kwenye kompyuta zilikuwa za njano, utadhani zimeshonewa sare. Mimi, niliyesomea kompyuta mpaka mwalimu akaniomba nipumzike, nikaipa kila moja rangi na picha yake. Shukrani niliyopata ndiyo hii:

1. Folda ya harusi niliipa waridi na picha ya mbuzi. Ya misiba nikaipa kijani na picha ya sufuria, maana watu wakitoka makaburini wanaulizana nini? Dada kasema sina adabu. Yeye mwenyewe alirudi na pilau ya msiba kutoka Miteja ndani ya mkoba, na mimi sikusema kitu.

2. Mzee Likwata hajui kusoma. Aliingia, akatazama kioo, akanyooshea kidole picha ya korosho: "Hiyo yangu." Na kweli ilikuwa na barua za kikundi chake cha wakulima wa korosho! Dada na diploma yake amemwelimisha nani kwa kasi hiyo?

3. Hili ndilo lililoniponza. Bi Sada, kungwi wa mtaani kwetu, alileta kazi ya kadi za unyago wa mjukuu wake. Nikampa folda nyekundu yenye picha ya ngoma, kwa kuwa sufuria ilishatumika. Alipoiona akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza mimi mtoto wa kiume nani kanipa siri za ndani. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ngoma yao inasikika mpaka stendi, siri iko wapi? Akasema, kumbe huwa unasikiliza!

Dada akaniondoa kwenye mausi, nikapelekwa kwenye mashine ya kopi. Kila folda aliyoiona akairudisha njano, hata yangu binafsi yenye picha yangu ya miwani ya jua. Tena ameapa, kadi za Bi Sada zisipotoka Jumamosi, narudi kwako kupalilia.

4. Kwa hiyo naomba Dada ndiye aje apalilie. Huko kila kitu ni kijani, hatasumbuliwa na rangi. Mimi nikae kiti chake, na duka lote tulipake waridi. Mkuu wa mkoa akipita akaona, ofisi zote zitanifuata.

Msalimie Shangazi Stefania, watoto, na yule jogoo aliyenikimbiza.

Ni mimi mpwa wako mwenye kipaji kisichotunzwa,
Valentini Klementi

Tanbihi: Ili Bi Sada asione tena folda yake, kabla sijanyang'anywa mausi niliipa rangi ileile ya kioo, jina nikalifuta, picha nikaweka isiyoonekana. Nimeificha kitaalamu hadi mwenyewe siioni. Kadi zote zimo humo, na leo ni Alhamisi. Dada anajua kutafuta kwa ile njia yake ya kizamani ya kuandika maneno yaliyomo kwenye kadi, lakini akijua ni mimi, nimekwisha. Mpigie, mwambie umeota kadi zimo kwenye folda isiyoonekana, azitafute. Na jembe langu, Mjomba, kama bado lipo, usimpe mtu.