Kielelezo cha Kiu

Inatangazwa kwa matarishi wote wa baiskeli wa Ofisi Kuu ya Barua za Mkono, walio njiani, wanaojiandaa kutoka, na wale walioegemeza baiskeli ukutani wakijifanya wanaangalia mnyororo, kwamba suala la kiu sasa limepata wenyewe. Imeundwa Kamati ya Kudumu ya Vinywaji vya Safari Ndefu, Wakati na Baada. Kuanzia leo hakuna mtu atakayekunywa ovyo.

Tangazo hilo nililibandika mimi mwenyewe kwa uji wa unga, na mpaka leo halijabanduka. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Ofisini naitwa Mama Birika, kwa kuwa chumba cha vikombe kiko chini yangu tangu Mungu alipomchukua mume wangu. Bwana Mkurugenzi alisema kamati haiwezi kukamilika bila mwananchi wa kawaida. Wakati huo nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Akanitazama, akasema, "Huyu hapa wa kawaida kabisa." Nikakubali uteuzi.

Tulianza kazi siku hiyohiyo. Wajumbe tulikuwa Bwana Mkurugenzi mwenyewe, ambaye ni mwenyekiti, Katibu wake, Bwana Stoo anayetunza baiskeli, na mimi. Mpanda baiskeli hakuwekwa hata mmoja, maana angeleta upendeleo.

Tulionja vinywaji vyote mezani, tukiwa tumekaa. Katibu, ambaye ni kijana aliyesoma na hapendi mambo nusunusu, akasema utafiti wa kukaa tu hautakuwa na nguvu. Basi tukapiga pedali hewani chini ya meza huku tunakunywa. Chai ya moto iliondolewa mapema: anayepuliza chai hawezi kutazama mbele. Uji ulishindwa kwa sababu unadai kijiko, kijiko kinadai mkono, na mkono ni wa kengele. Soda tuliitikisa kwanza, ili ihisi mashimo ya barabarani. Tulipoifungua ilikwenda yote kwenye tai ya Katibu, naye akaandika, akiwa bado anachuruzika, kwamba soda "haina nidhamu." Maziwa yalipita vizuri asubuhi. Mchana hakuna aliyetaka kuyazungumzia.

Bwana Stoo akauliza, "Na bia?"

Nikakohoa. Bia ikafutwa.

Sasa, kamati makini haifanyi kazi huku watu wanaitangulia mbele. Ndiyo maana Bwana Mkurugenzi akatoa waraka wa muda: mpaka uamuzi utoke, tarishi yeyote asinywe chochote akiwa na baiskeli ya ofisi. Atakayekunywa atanyang'anywa baiskeli na kazi. Watu wakanung'unika, lakini watu hawa hata mvua ikinyesha wananung'unika.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa shemeji yangu.

Huyu ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa. Wanamwita Breki, kwa sababu baiskeli aliyopewa haina. Kengele nayo haina. Ameomba kengele stoo mpaka amechoka, akaambiwa ajaze maombi, akajaza, akaambiwa maombi ya kengele yanaletwa na mtu mwenye kengele mbovu, sasa yake mbovu iko wapi? Basi anapiga mluzi. Ukisikia mluzi kwenye kona, jibane ukutani.

Breki alikuwa anapanda mlima ule mrefu wa kutoka tawi la bondeni, mgongoni ana mkoba wa barua, jua linamchoma kisogo. Akasimama, akatoa chupa yake ya maji, yale anayotia sukari kidogo na chumvi kidogo na tone la limau, akapiga mafunda mawili. Gari la Bwana Mkurugenzi likapita. Likarudi nyuma.

"Unafanya nini?" aliuliza Bwana Mkurugenzi, kioo kimeshuka kidogo tu ili ubaridi usitoke.

"Nina kiu, mzee."

"Kamati inalijua hilo. Lete chupa."

Chupa ikaletwa ofisini ikiwa nusu. Ikazungushiwa utepe wa gundi, ikaandikwa KIELELEZO, nikakabidhiwa mimi. Bwana Mkurugenzi alisema, "Mama Birika husemi uongo na hugusi cha mtu. Siku ya shauri utaitoa ilivyo." Nikaapa. Nikaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni.

Jioni Breki akanifuata chumbani kwangu pale ofisini, akafunga mlango kwa kisigino.

"Shemeji, nasikia wewe ndiye jela ya chupa yangu."

"Imelala salama."

"Si uimwage tu? Useme panya."

"Panya gani anafungua utepe wa gundi?"

"Panya wa ofisi hii wamesoma, shemeji."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka sana. Mkewe alikuwa na mtoto wa wiki chache tu, na bila ile baiskeli, mbovu hivyohivyo, hakuna mlango mwingine ambao ungemfungukia. Nikamwambia, "Mimi nimeapa. Nitakuombea." Akasema, "Niombee basi hiyo chupa itoboke." Nikamwambia Mungu hatumwi hivyo. Usiku nikaomba, nikamwachia Mwenyewe achague njia.

Uamuzi wa kamati ulikuja kutoka. Kwa ufupi ulisema hivi. Wakati wa safari, kinywaji hakihitajiki, kwani aliye safarini yuko kazini na kazini hatuji kunywa. Baada ya safari, tarishi anaweza kunywa kinywaji chochote cha baridi isipokuwa kilichokoholewa. Hapo Katibu akainua kidole: baada ni lini? Tukalijadili mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba safari inakwisha pale Bwana Stoo anapoipokea baiskeli, akajaribu kengele, akagonga muhuri. Kwa baiskeli ya Breki ambayo haina kengele, Bwana Stoo alisema atapiga mluzi mwenyewe, lakini kwa mara ya mwisho.

Uzinduzi ukapangwa uwe mkubwa. Bwana Mkurugenzi angepanda baiskeli kutoka tawi la bondeni mpaka Ofisi Kuu bila kunywa tone, ili wapinzani wa kamati waaibike. Kwa kuwa njia ile anaijua vizuri, kwa gari, alituhakikishia kwamba haina mlima. Mgeni rasmi angekuwa mama mmoja mkubwa kutoka juu, na baada ya hotuba shauri la Breki lingesikilizwa palepale, wageni wajionee nidhamu.

"Na huyo mshtakiwa anifuate nyuma na baiskeli yake," akasema Bwana Mkurugenzi. "Anibebee koti."

Siku ikafika. Baiskeli mpya ya uzinduzi, yenye breki mbili na kengele inayong'aa kama kijiko cha bi harusi, ilipelekwa bondeni, na Bwana Stoo akaenda nayo kuitoa kwa heshima. Huku juu tulitandika turubai, tukapanga majagi ya juisi yenye barafu. Mgeni rasmi akakaa. Hakuna aliyegusa glasi, maana mkubwa hajanywa.

Tukasubiri. Barafu ikawa maji. Mgeni rasmi akajipepea kwa hotuba yake.

Hatimaye wakatokea getini. Bwana Mkurugenzi alikuwa anaisukuma baiskeli, au tuseme baiskeli ilikuwa inamshikilia asianguke. Shati limemgandia. Nyuma yake Breki, koti begani, mkono mmoja kwenye usukani wake, wa pili kiunoni kwa Bwana Mkurugenzi. Baadaye Breki aliniambia walianguka mtaroni mara moja, na kwamba kwenye mlima Bwana Mkurugenzi alimwita "mwanangu."

Watu wakapiga makofi. Bwana Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja kwenye jagi. Katibu akamkimbilia, akaweka kiganja juu ya glasi.

"Samahani, Bwana Mkurugenzi. Bado uko wakati. Hujawa baada."

"Mwite Bwana Stoo."

"Yuko bondeni."

"Anafanya nini bondeni?"

"Alikutoa."

Hapo ndipo sisi wajumbe tulipotazamana. Siku zote safari za ofisi yetu zinaanzia stoo na kuishia stoo, kwa hiyo anayetoa ndiye huyohuyo anayepokea, na hakuna aliyewahi kuhitaji Bwana Stoo wawili. Hii ilikuwa safari ya kwanza kwenda upande mmoja. Na ufunguo wa gari lililompeleka Bwana Stoo ulikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa begani mwa Breki.

"Anakuja kwa miguu," akasema Breki. "Tumemwacha nyuma. Ana goti lile bovu."

Bwana Mkurugenzi akatazama jagi. Akatutazama. Akatangaza kwa sauti kavu kama pumba kwamba, wakati tunasubiri, atakwenda kukagua chumba cha vikombe.

Nilikuwa humo, nimeshaitoa chupa kabatini na kuiweka mezani tayari kwa shauri. Akaingia, akafunga mlango kwa kisigino, kama Breki.

"Mama Birika, hebu tazama ukutani."

Nikatazama. Ukutani nina kioo kidogo cha kufungia kitambaa cha kichwa.

"Bwana Mkurugenzi, hicho ni kielelezo."

"Nakikagua," alisema, na nikasikia utepe unachanika.

Alikikagua mpaka chini. Maji yenye limau yaliyokaa kabatini muda ule wote si maji tena, yana mambo yao, lakini alikikagua hata hivyo, akapangusa mdomo, akatoka kifua mbele. Nikainamisha kichwa, nikasema asante. Sikuwa nasema na yeye.

Shauri likafunguliwa. Bwana Mkurugenzi akakaa kiti cha mwenyekiti, Breki akasimamishwa mbele, mikono nyuma. Katibu akasoma mashtaka kwa sauti ya redio, kisha akasema, "Mtunza kielelezo, tuletee kielelezo."

Nikaleta chupa tupu, nikaiweka mezani taratibu.

Katibu akaigeuza juu chini. "Maji yako wapi?"

Palepale Bwana Mkurugenzi akashikwa na kwikwi.

"Mama Birika," akasema mgeni rasmi, "umeulizwa."

"Chupa hii hapa, mama," nikajibu. "Kilichokuwemo kimo ndani ya mwenyekiti."

Ikajibu kwikwi. Katibu, maskini, hawezi kuiacha kanuni njiani, akafungua waraka na kuanza, "Atakayekunywa akiwa na baiskeli ya ofisi atanyang'anywa..." akasita, akageuka polepole kumtazama aliyeutia sahihi.

Bwana Mkurugenzi akasimama. Ni mtu mwepesi wa maamuzi, sitamnyima sifa hiyo. "Kamati," kwik, "imegundua jambo kubwa. Maji si kinywaji. Maji ni maji. Aliyekunywa maji hajanywa. Shauri limefutwa."

"Kwa hiyo huyu ana kazi yake?" akauliza mgeni rasmi, akimwonyesha Breki.

"Anayo. Tena," kwik, "apewe juisi. Safari yake imekwisha."

"Haijapigiwa mluzi," akasema Katibu.

"Piga!"

Katibu akapiga. Breki akachukua jagi zima.

Bwana Stoo aliingia watu wakiwa wanakunja turubai. Akaizunguka baiskeli ya uzinduzi huku anachechemea. Akaangalia magurudumu. Akaangalia breki. Akanyoosha kidole gumba pale kwenye usukani, kidole kikagusa hewa.

"Kengele iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Wengine walisema mtaroni, wengine mlimani.

"Basi siwezi kupokea."

"Piga mluzi!" akasema Bwana Mkurugenzi.

"Mluzi ulikuwa wa baiskeli iliyotolewa bila kengele, mzee. Hii ilitoka nayo. Na nilisema mara ya mwisho."

Muhuri ukarudi mfukoni.

Ndivyo mambo yalivyo hadi sasa. Kwa mujibu wa kanuni, Bwana Mkurugenzi bado yuko safarini. Anakuja ofisini kila siku, anatia sahihi, anagomba, na baiskeli imesimama kando ya meza yake. Ninapopita na sinia la chai ananifuata kwa macho kama paka. Chai hapana, soda hapana, juisi hapana. Namletea glasi ya maji, ambayo si kinywaji, nayo anaipokea kwa mikono miwili. Siku hizi natia sukari kidogo, chumvi kidogo na tone la limau, kwa sababu binadamu ni binadamu.

Wametumwa watu kuitafuta ile kengele mtaroni na mlimani. Hawajaipata. Wajumbe wote wanahojiwa, mmoja mmoja, wameona nini. Mimi bado sijafikiwa. Nikifikiwa nitasema kweli, nimeapa, lakini sikufundishwa kujibu kabla ya kuulizwa.

Shemeji yangu hajambo, na mtoto anakua. Jana nilikuwa kwenye kona na ndoo yangu, nikasikia anakuja. Nikajibana ukutani.

Hakupiga mluzi.