Mlima wa Gachanja

Jumatatu, 14 Aprili 1958
Mvua siku ya tano. Shamba zima la mikaratusi hapa Ruiru limelowa, maksai wamesimama bure. Bwana ametangaza: atakayefikisha magogo ishirini barabarani kufikia Jumamosi atakuwa nyapara. Mimi huyo! Nimeshamwandikia mama huko Asembo kwamba nimepata. Gachanja, mkokotaji mwenzangu, anasema tungoje udongo mweusi ukauke. Kila asubuhi anauchoma kwa fimbo. Nilimuuliza habari ya njia ya mkato, ile mbuga iliyo tambarare. Akasema nisithubutu, pale ni irima. Maskini, hawa Wakikuyu na r zao! Mlima gani? Pale ni sawa kama meza.

Jumanne, 15 Aprili
Maksai walifika ukingoni mwa mbuga wakalala. Viboko vikawainua. Hakuna ndege pale. Maji tele, na hakuna chura hata mmoja. Afadhali, kelele sipendi. Gogo la kwanza lilifika katikati, ghafla maksai wakachomoka wakakimbia. Nitalimalizia kesho.

Jumatano, 16 Aprili
Gogo halipo! Wala alama ya kukokotwa. Nyasi zimesimama kana kwamba hatukupita. Nikamkamata Gachanja shati, nikamwita mwizi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema polepole kwamba irima ni neno la Kikuyu, maana yake shimo, na kwamba babu yake alipoteza fahali humo. Sasa mtu si aseme shimo! Nikateremsha mnyororo topeni, pale tulipoliacha gogo, kulitafuta. Ukaingia karibu wote. Kisha kitu kikauvuta. Nikauachia, adabu tu.

Jumamosi, 19 Aprili
Gogo limerudi. Limesimama wima katikati ya mbuga, limebanduliwa maganda yote, jeupe. Nani kalibandua? Bwana alilitazama kwa muda, akavua kofia, akampa Gachanja unyapara bila hata kuhesabu magogo. Mimi nimepewa kuokota matawi. Na barua kwa mama ilishaenda! Nililia nyuma ya stoo, nasema kweli.

Jumapili, 20 Aprili
Jua kali! Nimegundua mbuga ya pili, ng'ambo ya kijito. Juu pamekauka mpaka pamepasuka. Gachanja hajafika huko, kwa hiyo hajanikataza. Mimi si mjinga, nimeipima mwenyewe. Nikapiga kisigino mara mbili. Chini pakagongwa mara tatu. Udongo unaojibu hivyo ni mgumu kama sakafu. Kesho naingia na maksai wote.