Yah: Fundi Wako Kusema Ukweli Mbele ya Mandolini

Kwa Mwenye Duka la Ala za Muziki,
Ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yangu.

Ndugu Mwenye Duka,

Natumaini u mzima na biashara inakwenda. Yangu haiendi, na sababu ni fundi wako, yule tunayemwita Jicho Moja kwa kuwa kila kitu hukitazama huku amefumba jingine.

Wajua kwamba naitaka ile mandolini kuukuu ya kahawia inayoning'inia dirishani kwako, iliyochubuka pale mkono wa mpigaji ulipokuwa ukipita. Naitaka, bwana! Nikishona naiangalia mpaka najidunga sindano. Mama watoto amesharidhia, jambo ambalo sikulitarajia katika uhai huu. Kilichobaki ni fundi wako kunyamaza tu. Hanyamazi, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipoingia kununua, nilitegemea nidanganywe kama mteja mwingine yeyote. Niambiwe ilipigwa mbele ya wafalme, nilipe, niondoke zangu. Badala yake alinikalisha kwenye kigoda, akanieleza kuwa shingo imepinda, tumbo lina ufa ulioungwa kwa gundi, na nyuzi ziko juu mno kwa vidole vya mtu anayeanza. Nilitoka mikono mitupu. Nimerudi tena na tena. Kila nikirudi ana kasoro mpya, na zote, jamani, ni za kweli.

2. Amenifundisha kufumba jicho na kukagua. Sasa siwezi kuacha. Mama mkwe alituletea kabati la zawadi. Nikafumba jicho, nikaligonga kwa kidole, nikamweleza kuwa mgongo wake ni plaiwudi tupu. Hapokei simu zetu tangu siku hiyo.

3. Juzi nilimpima bwana harusi, nikamwambia bega lake la kushoto limeshuka na hakuna koti litakaloficha. Alikunja kitambaa chake akaondoka, wapambe wote nyuma yake.

4. Hili ndilo limenimaliza nguvu. Wewe ni mfanyabiashara, unajua fundi cherehani anaishi kwa neno moja tu: kesho. Jana mama mmoja alifuata gauni lake. Nikafungua mdomo nimwambie arudi kesho, nikajikuta namwambia kitambaa sijakigusa. Mafundi wenzangu hawanisalimii tena, wanasema nitawatia njaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umfukuze Jicho Moja leo hii, na mahali pake uweke mwongo mwenye uzoefu, atakayenikazia macho na kuniapia kwamba mandolini ile haina hata mkwaruzo. Nitainunua papo hapo, na machozi ya furaha juu yake.

Nisalimie mkeo, wanao, na yule bibi anayefagia dukani na kunipungia fagio kila nikichungulia. Wa kwangu wote wanakusalimu, isipokuwa mama mkwe.

Mimi niliyechoshwa na ukweli,
Fundi cherehani wa ng'ambo.

Tanbihi: Wakati nabandika bahasha nimeona bwana mmoja mwenye kofia ameishusha mandolini yangu na anaipapasa. Tafadhali usimfukuze Jicho Moja! Mwambie amkalishe bwana huyo kwenye kigoda, amweleze kasoro zote, asibakize hata moja, na aanze na ule ufa. Mimi navuka barabara sasa hivi.