Paka Huyu Si Wangu

Jumatatu, 21 Julai

Mkutano wa mwalo, saa nane mchana. Nimefunga saluni ili nihudhurie. Ajenda moja tu: paka.

Mwenyekiti wetu hapa Nkome, Mzee Nkwabi, amesema paka wa mwalo, hapa wavuvi wanaposhusha samaki, wamezidi. Siku za giza, mitumbwi ikiingiza dagaa, wanakula mabaki na kulala. Mbalamwezi ikianza, wavuvi wakazima taa zao na kupumzika, paka wanakosa chakula na kuhamia kwenye vifaranga vya watu. Mwezi uliopita wamemaliza tisa vya Edson, jirani yangu anayekaanga chipsi na kuku. Edson amewataja marehemu hao kimoja kimoja, kwa rangi. Uamuzi: tarehe 4 Agosti, mitumbwi ikipumzika tena, sumu itawekwa.

Nikasimama. Sijui nani aliisimamisha miguu yangu. Nikasema sumu ya nini wakati mimi, Agapiti, nina wataalamu? Mzee Nkwabi akauliza wataalamu gani. Nikasema wa serikali, tunawasiliana. Watu wakapiga makofi. Nimepewa mpaka tarehe hiyohiyo nionyeshe kazi.

Simjui mtaalamu yeyote.

Nimerudi saluni nikamkuta yule wa kijivu amelala kwenye kiti cha kunyolea. Ana sikio moja na nusu. Mteja amesubiri kwenye benchi mpaka alipoamka mwenyewe, maana ukimwamsha ananuna siku nzima. Niandike wazi, shajara hii isije ikanielewa vibaya: paka huyu si wangu.

Jumanne, 22 Julai

Akili yangu ikitulia, inafanya kazi. Mtu mmoja akiomba msaada ofisini anaambiwa njoo kesho. Kikundi kikiomba kinakaribishwa kiti. Kwa hiyo kabla ya chai nimeanzisha Umoja wa Wapenda Paka Nkome. Mwenyekiti mimi. Katibu mimi. Wajumbe ni wateja wangu kumi, ambao sikutaka kuwasumbua kwa kuwaambia. Makamu mwenyekiti alikosekana. Muda unakwenda, bodaboda wa Geita anapiga honi, harufu ya chipsi inaingia dirishani. Nikaandika Edson.

Hatajua. Barua imekwenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Barua za hivyo hukaa mezani mwezi mzima.

Alhamisi, 24 Julai

Amekuja! Siku mbili tu!

Daktari Violeth, binti wa miaka thelathini hivi, na pikipiki ya kazi. Nilishtuka nikampa shikamoo. Mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili. Naye akashtuka, akasema hapana baba, shikamoo wewe. Nikaitikia marahaba kwa sauti nyembamba sana.

Ametueleza vizuri, mimi na Mzee Nkwabi. Sumu haisaidii. Ukiua hawa, watahamia wengine, na katikati hapo panya watajaa magunia. Dawa ni kuwafunga kizazi, wapungue polepole. Ana vifaa vya paka kumi na watatu. Atakuja Alhamisi ijayo, kisha anakwenda Mwanza kwenye maonyesho ya Nane Nane, na hatarudi upesi. Kazi yangu ni kuhakikisha paka wamekamatwa ifikapo saa tatu asubuhi. Kila aliyetibiwa atanyolewa alama mgongoni. Mzee Nkwabi amekubali: mwenye alama ataishi, asiye na alama shauri yake. Na wa kunyoa alama ni mimi. Nimeajiriwa na serikali!

Kisha akaomba kumwona makamu mwenyekiti. Nikasema anaumwa. Edson alikuwa mlangoni na ndoo ya viazi; Daktari alipolisoma jina lake kwenye barua, akaitika. Daktari akampokea kwa mikono miwili, akasema hakutegemea mwalo uwe na watu wenye huruma kiasi hiki. Wanawake wote wanaoanika dagaa walikuwa wanatazama. Edson akasema asante, daktari. Halafu akanitazama mimi.

Leo sikununua chipsi.

Jumamosi, 26 Julai

Mitego tayari. Nimeazima matenga sita ya kubebea kuku, nikayawekea milango ya kamba. Paka akiingia, kamba inachomoka, mlango unaanguka. Nimejaribu kwa mkono wangu mwenyewe, ukanasa dakika kumi. Kwa hiyo inafanya kazi. Chambo: dagaa, kiganja kimoja kila tenga.

Mama Elieth, anayeanika dagaa mbele ya saluni yangu, akapita na kuuliza nimeweka nini ndani. Nikamnong'oneza, kwa kuwa ni siri. Akatazama matenga. Akatazama mwalo. Akakaa mchangani akacheka mpaka kilemba kikafunguka. Nikamuuliza kinachochekesha ni nini. Akasema hakuna kitu, Baba Kamili, endelea na kazi.

Jumapili, 27 Julai

Nimetoka Misa moja kwa moja hadi mitegoni. Paka: hakuna. Jogoo wa Edson: mmoja.

Edson amekuja na mashahidi wawili. Nimemweleza kwamba jogoo ameingia kwa hiari yake. Hakuridhika. Paka wawili walikuwa wamelala juu ya tenga lenyewe, wameshiba, wakitusikiliza.

Jumanne, 29 Julai

Nimebadili chambo mara tatu. Maini, maziwa, sangara. Sangara ameonjwa na mmoja, kwa nje, kwa kuingiza mkono.

Leo Mama Elieth amenihurumia. "Baba Kamili, mwalo mzima umeanikwa dagaa," akasema. "Paka wa hapa anakula tangu alfajiri. Mjinga gani ataingia kwenye tenga kufuata dagaa kumi?"

Mimi ni mtu wa Ushirombo. Kwetu ni mahindi. Wangeniambia mapema.

Akaongeza kwamba mbalamwezi ikianza watakuwa na njaa, hapo ungewakamata hata kwa kofia. Ndiyo, lakini mbalamwezi inaanza Jumatatu, na Jumatatu ndiyo sumu. Daktari anakuja keshokutwa, wakati wote wameshiba. Nimekaa saluni jioni nikimtazama yule wa kijivu. Amelala mkono umefunika macho. Hajui tarehe.

Baadaye nimepata wazo. Ni wazo zuri mno.

Jumatano, 30 Julai

Sikupaswa kupata wazo.

Saa tatu asubuhi nimepita mwalo mzima nikitangaza kwamba redio imesema mvua kubwa inakuja. Mvua! Mwezi wa saba! Lakini dagaa akinyeshewa ameharibika, na hakuna mwanamke wa mwalo anayebahatisha. Hesabu yangu ilikuwa hivi: waanue, mchanga ubaki mtupu, paka walale njaa, asubuhi waingie matengani kwa foleni. Na kweli wameanua. Ndani ya nusu saa dagaa wabichi wote wamerundikwa kwenye magunia, magunia yameingizwa ghalani.

Jua halijawahi kuwaka namna ile. Saa sita Mama Elieth akaingiza mkono ndani ya gunia na kuutoa haraka. Dagaa walikuwa wameanza kupata moto. Wakiendelea hivyo wanaoza, na dagaa wale ndio shule ya Elieth. Akaniuliza ni redio ipi iliyosema.

Nikaungama. Palepale, mbele ya wanawake kumi na mmoja. Nilitegemea matusi. Wakanionyesha magunia. Nikavua viatu, nikabeba magunia, nikaanika. Nimetandaza dagaa mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Gunia moja limeharibika kabisa, la Mama Elieth. Nimeona aibu ya kweli, si ya kuandika tu.

Jua lilipopoa akaniita nikae, akanipa chai. Akauliza kwa nini najitesa hivi kwa ajili ya paka. Nikasema ni majukumu ya umoja. Akasema niache hizo. Basi nikamwambia. Tangu Mama Kamili afariki, na Kamili mwenyewe apate kazi Mwadui, yule wa kijivu ndiye ninayemkuta nikifungua mlango. Ni hilo tu. Siwezi kufungua mlango nikakuta kiti kitupu.

Mama Elieth akakoroga chai yake. Kisha akasema, "Sasa si ungetuomba tu?"

Kumbe kila paka wa mwalo ana mwanamke wake. Anakula pale anapoanika yule mama, anaijua sauti yake, anabebeka mgongoni kama mtoto. Wiki nzima nimehangaika na kamba na maini! Hakuna aliyeniambia. Nikikumbuka vizuri, hakuna niliyemuuliza.

Alhamisi, 31 Julai

Saa mbili na nusu wamekuja kwa mstari. Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na paka kwenye kanga, kichwa tu nje. Wa Mama Elieth anaitwa Mheshimiwa. Daktari Violeth akasimama akiwatazama, sindano ya usingizi mkononi, akasahau kuchoma.

Wa kumi na mbili ameletwa na Edson. Mweupe, mnene, ametolewa ndani ya koti. Edson akasema amemwokota njiani. Paka alikuwa ananukia chipsi, na aliitika alipoitwa Binti. Nimenyoa alama yake kwa uangalifu kuliko zote.

Ikabaki nafasi moja. Daktari akauliza, wa mwenyekiti yuko wapi?

Nilikuwa nimesimama karibu na trei. Niliona kile kisu kidogo, chembamba. Yule wa kijivu alikuwa saluni, nimemfungia tangu asubuhi, na taulo na maini. Nikasikia mdomo wangu unasema mimi sina paka.

Mama Elieth akanitazama muda mrefu. Daktari akafunga sanduku lake, akatupongeza, akapanda pikipiki. Vumbi lilipotulia ndipo nikakumbuka Jumatatu.

Jumapili, 3 Agosti

Siku tatu sijala vizuri. Tatizo: hana alama. Daktari yuko Mwanza.

Leo kwenye Misa, katikati ya mahubiri, nimepata ufumbuzi. Mashine ya kunyolea ninayo. Kazi ya kunyoa alama nilipewa rasmi. Nimerudi, nimefunga mlango, nimemnyoa. Alama yake imenyooka kuliko za wenzake, kingo nimezipitia mara mbili. Alitulia akikoroma kwa raha. Amenenepa sana. Ni yale maini.

Jumatatu, 4 Agosti

Mzee Nkwabi amepita kukagua. Amehesabu paka kumi na watatu, alama kumi na tatu. Akahesabu tena. Akasema Daktari alimwambia kumi na wawili. Nikasema Daktari ni mtu wa shughuli nyingi. Akanitazama, akamtazama yule wa kijivu, akajikuna kidevu. Kisha akatangaza sumu imefutwa.

Wanawake wamepiga vigelegele. Wamekubaliana kila mmoja atenge dagaa kidogo wa kuwalisha paka siku za mbalamwezi, ili vifaranga vipone. Edson ameahidi shingo za kuku, kama makamu mwenyekiti. Nimelia kidogo. Ni vumbi.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi Mzee Nkwabi amekuja kunyolewa. Nikamwambia kiti kina watu.

Yule wa kijivu na watoto watano, wamezaliwa leo juu ya taulo langu jipya. Mzee akaangalia alama mgongoni. Akaangalia watoto. Akauliza kama paka aliyefungwa kizazi anaweza kuzaa. Nikasema dawa nyingine huchelewa kuingia.

Mzee akavua kofia, akakaa kwenye benchi, akasema nimnyolee hapohapo. Nilipomaliza akainama, akamgusa mtoto mmoja mweusi kwa kidole kimoja. Akasema akikua atamchukua, mahindi yake yanaliwa na panya. Mama Elieth, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akasema yeye anataka mwenye mkia mfupi. Amesahau kabisa lile gunia, au amenisamehe, na sijui kipi ni kikubwa.

Msaada nilioutafuta karibu wiki nne umekuja kwa miguu yake, ukakaa kwenye benchi langu, bila kuombwa na bila barua. Nilitakiwa kusema asante.

Lakini wanalala wameshikana, macho bado yamefungwa, mmoja anashtukashtuka usingizini na mama yake anamlamba bila kuamka. Siwezi kutoa hata mmoja. Kwa hiyo nikawaambia haiwezekani. Nikasema Daktari Violeth ameagiza watoto hawa wabaki hapa saluni mwaka mzima, kwa uchunguzi wa serikali.

Mzee Nkwabi akasema wabeja, asante sana, hilo ni jambo kubwa, jioni atampigia Daktari kumpongeza. Nikamwambia asijisumbue, mzee wangu, nitampigia mimi, na majibu nitayaleta kwa maandishi.

Sasa nimekaa sakafuni, kando ya kiti, naandika majibu ya Daktari.