Kifundo cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Gazeti linaanza ukurasa wa uvuvi wa kiboya kwa wanaoanza, na mwandishi wake ni mimi. Aliyesema ni mhariri, leo asubuhi, akiwa amesimama. Habari njema mama yule huzitoa akiwa ameketi.

Miaka ishirini na sita nimeripoti mahakamani. Sasa meza yangu anakalia binti aliyemaliza chuo juzi. Ana adabu kupita kiasi, kila akiniona shikamoo. Nina mashaka naye.

Ukurasa utatoka Jumamosi. Wasomaji wakiupenda, ni wangu. Wasipoupenda, amesema mhariri, mimi na yeye tutazungumza. Wenzangu watatu wameshazungumza naye. Wote siku hizi wanafuga kuku.

Sijawahi kuvua samaki. Hilo sikulitaja, kwa kuwa hakuniuliza.

Mke wangu alipopata habari alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akasema kaka yake, fundi saa, anavua kwa kiboya pale mlango wa mto tangu mimi na yeye hatujaoana. Nimwendee nikamuulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, akaongeza, kama vile mimi ni mtoto wa darasa la pili.

Kumuuliza shemeji! Kesho yake yuko ofisini kwa mhariri, anaeleza nani hasa anayejua mambo ya samaki. Ukurasa unakuwa wake kabla wino haujakauka. Hapana. Nitachunguza kimyakimya, kila siku saa tatu kamili asubuhi. Uchunguzi ni ratiba.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa darajani na darubini. Shemeji alikuwa gatini tangu saa mbili, kwa maelezo ya muuza chai, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Yaliyothibitishwa ni haya. Ana fimbo ya kuvulia, mshipi, na kiboya chekundu kinachoelea. Chini ya kiboya kuna chubwi, kirisasi cha kuuzamisha mshipi, na chini kabisa ndoana yenye chambo cha mkate uliokandwa. Kiboya kikizama, anavuta. Basi. Mtu mzima amefanya hivyo miaka yote na anaitwa bingwa.

Lazima iko siri. Kila baada ya muda alitupa makombo majini, kidogo kidogo, akitazama pembeni. Niliwahi kuripoti kesi ya mtu aliyetupa ushahidi mtoni. Sura yake ilikuwa hiyohiyo.

Alipata mikizi wanne. Nikamkazia darubini hadi jicho likatoa machozi, na nikaiona: juu ya kiboya ameufunga mshipi kifundo kidogo cha uzi. Kiboya hupanda hadi kwenye kifundo, kikagota. Kwa hiyo kifundo ndicho kinachoamua ndoana izame kiasi gani. Nikakadiria kutoka kifundo hadi ndoana. Shubiri tano. Siku moja tu, na siri ninayo.

Nikirudi nilipita kwa mwoka mikate. Nikamuuliza kama fundi saa hununua mkate wa namna yake. Akasema hununua wa jana, ukikandwa unashikana vizuri. Kisha akaniuliza fundi saa amefanya nini. Nikamwambia uchunguzi unaendelea.

Jumatano, 5 Machi

Saa tatu kamili, gatini. Fimbo mpya nyeusi kama ya shemeji, mkate wa jana, shubiri tano zilizopimwa mara mbili.

Shemeji ndiyo kwanza alikuwa anaketi. Jana saa mbili, leo karibu saa tatu. Akafurahi kuniona, akauliza kama nimeamua kujifunza. Nikasema daktari ameniagiza hewa ya mtoni. Akanipa ndoo yake, yeye akakaa kwenye saruji. Mtu anayekupa ndoo yake akakaa kwenye saruji ana jambo analolitaka.

Kiboya chake kilisimama wima kama askari wa zamu. Changu kililala ubavu kama mlevi. Nikatupa tena. Kikalala tena. Shemeji akasema, bila hata kugeuka, kwamba chubwi yangu imekaa kwenye tope, nipunguze kina.

Nipunguze! Jana amevua kwa shubiri tano, shahidi wa macho ninaye, ni mimi. Leo anataka nipunguze. Nikachungulia kifundo chake: shubiri tatu. Amejua anachunguzwa, akakibadilisha usiku.

Tena kiboya nilichokuwa nacho mke wangu alikitoa kwa kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda dukani kununua kingine. Nacho kikalala. Duka hilo linapakana na kibanda chake cha saa.

Mavuno ya leo: kandambili moja, ya mguu wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amefika saa nne kasoro. Kila siku anazidi kuchelewa, na huyo ndiye mtu ambaye mji mzima unampelekea saa zake azirekebishe. Mwenye dhamiri safi hufika saa yake ileile.

Nilimsubiri akafuate chai. Alipogeuka nikazibadili fimbo. Yake nikaishika mimi, kifundo chake bado kimelowa, sikukigusa kwa namna yoyote. Yangu nikaiegemeza mahali pa yake.

Akarudi. Akanywa. Akaishika fimbo yangu, akaitazama, akanitazama mimi, akanywa tena. Kisha akakisogeza kifundo kwa ukucha na kutupa. Chai haijapoa, mkizi. Mkubwa. Kwa fimbo yangu, kiboya changu na mkate wangu! Mimi nimeshika vifaa vya bingwa na sijaguswa hata na dagaa. Akakisogeza tena kifundo, juu kidogo. Mkizi mwingine.

Wavuvi husema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Hasira za mwandishi hazina faida kwa mtu. Nikajikaza, nikamuuliza kwa utulivu wa kikazi kwa nini kifundo hicho hakitulii mahali pamoja.

"Shemeji, maji yanajaa," akasema. "Mkizi wa hapa anakula karibu na chini. Maji yakipanda, na kifundo kinapanda, ili ndoana ibaki kulekule chini. Kesho maji yatachelewa kujaa, na mimi nitachelewa nayo. Hakuna jingine, ndugu yangu."

Nimeyanukuu yote, neno kwa neno. Katika miaka ishirini na sita ya mahakama sijaona shahidi aliyejibu haraka na vizuri hivyo bila kufundishwa. Na ni jepesi mno. Nani anakaa na siri nyepesi hivyo halafu anampa wa kwanza anayeuliza?

Akanipa na mkizi mmoja niende naye nyumbani. Rushwa, peupe. Nikampokea kama kielelezo. Mke wangu amekaanga kielelezo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika ukurasa. Umenyooka, hauna mapambo. Wasomaji wakutane gatini Jumapili saa tatu kamili. Shubiri tano. Kifundo kikishafungwa kisiguswe. Nimewatahadharisha kwamba pale yupo mtu mzima mwenye ndoo atakayewaambia habari za maji kujaa. Wasimsikilize.

Mhariri aliuliza kama nimeyajaribu niliyoandika. Nikajibu nina shahidi wa macho. Akataka picha yangu na samaki. Nikampa picha yangu na fimbo.

Mke wangu ameusoma. Kisha akauliza kama kweli nitamchapa kaka yake gazetini. Nikamwonyesha kwamba sijataja jina. Akasema mtu mwenye ndoo pale gatini ni mmoja, na hata paka wa mji huu wanamjua. Akaingia jikoni, akafunga mlango. Yuko upande gani?

Jumapili, 9 Machi

Gazeti limeuzika. Saa tatu gatini watu walikuwa wamejaa, wapatao thelathini, kila mmoja na fimbo na ukurasa wangu umekunjwa mfukoni. Muuguzi na mama yake. Mlinzi wa benki, na viatu vya kazi. Mhariri mwenyewe, na kofia pana. Viboya vyote majini, shubiri tano, vyote vimesimama. Sikumbuki lini nimependeza machoni pa watu kiasi kile. Hata mke wangu alikuja, ingawa alisimama mbali.

Baada ya saa nzima viboya vikaanza kuinama. Baadaye vikalala. Hakuna aliyegusa kifundo; wasomaji wangu ni watiifu. Ilipokaribia adhuhuri maji yalikuwa yameondoka kabisa pale gatini, mbele ya mashahidi, na viboya thelathini vimebaki juu ya tope, vinaota jua.

Muuguzi akafungua gazeti, akasoma, akalitazama tope, akasoma tena. Kisha akanigeukia.

"Baba, samahani," akasema. "Hizi shubiri tano tunapima kwenda chini, au tuchimbe kwanza?"

Walicheka hadi wakasikika darajani. Mlinzi wa benki akasema yeye halalamiki, amepata kaa, ila kaa huyo amemfuata kwa miguu yake mwenyewe. Mhariri hakucheka. Alivua kofia, akaivaa tena.

Ndipo akatokea shemeji. Saa sita imepita, ndoo mkononi, hana haraka. Na maji yakaja nyuma yake. Naandika nilichokiona: aliketi, na maji yakaingia. Bahati ya namna hiyo haiji bila mpango.

Akapita kwa mmoja mmoja, akiwasogezea kifundo kwa ukucha, akiwaambia wakisogeze tena maji yakizidi. Hakutaja gazeti hata mara moja, na hilo ndilo baya zaidi. Kufika alasiri kila mtu alikuwa na mkizi. Mhariri alipata wawili. Mama yake muuguzi alimpata mmoja aliyehitaji watu wawili kumwinua.

Aliponifikia mimi nikaondoa fimbo. Mtu ana msimamo au hana. Sikupata kitu, lakini shubiri zangu zilibaki tano.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa wa uvuvi amepewa fundi saa. Amesema mhariri, akiwa amesimama.

Sikushtuka. Nilimshuku mtu huyu kabla hajafanya lolote, na sasa amelifanya. Nilitaka kumweleza mhariri hilo, akanyanyua kiganja. Akasema mimi nilikuwa niondoke leo. Ila jana pale gatini fundi saa alimvuta pembeni akamsihi anipe nafasi nyingine, kwamba kosa la mtu anayeanza si kosa. Kwa hiyo nimepewa ukurasa mmoja wa mwisho. Ukiharibika, niende nyumbani.

Shemeji kunitetea! Nimelifikiria siku nzima. Sijapata bado anachokitafuta.

Ukurasa wenyewe ni ufugaji wa nyuki kwa wanaoanza. Nyuma ya nyumba yetu yupo jirani, mstaafu wa posta, ana mizinga sita. Mke wangu amesema ni mtu mwema, anapenda kuulizwa. Nimemtazama juu ya ukuta jioni hii. Kabla ya kufungua mzinga hujifunika wavu uso mzima, huvaa glavu hadi viwikoni, kisha hupuliza moshi ili kisionekane anachofanya. Mtu asiye na la kuficha hafichi uso.

Kesho Jumanne atakwenda kliniki. Saa tatu kamili nitaruka ukuta na kuifungua mwenyewe. Bila wavu, ili nione vizuri.