Mgeni wa Sweta na Mmasai wa Getini

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ushindi! Dada Mwanaidi amenipigia simu kabla sijapiga mswaki. Barua ya posa ya Hajira inaletwa Jumamosi, na mwenye kuipokea ni mimi. Mimi Isihaka! Si Ukasha.

Nimemjibu kwa utulivu kwamba huo ni wajibu tu. Kisha nikaruka juu ya kitanda. Chaga moja imevunjika.

Kwetu Wazigua mjomba ndiye mwenye neno. Baba atasema, mama atalia, lakini mjomba asipokohoa shughuli haiendi. Shemeji yangu, baba yake Hajira, yuko barabarani na lori, kasema mjomba apokee, yeye atafika siku ya ndoa. Mdogo wangu Ukasha, muuza mabati, amekimezea mate kiti hiki tangu mwaka jana. Tangu ile habari ya mwuguzi.

Habari yenyewe ndogo. Alikuja mwuguzi kutoka Pangani kumposa Hajira. Nikamwuliza, kwa upole kabisa, kama anaweza kuamka kabla ya adhuhuri, maana watu wa pwani tunawajua. Hakurudi. Dada amenikumbusha mara tatu kwenye simu. Amesema nikiharibu na safari hii, nisikanyage kwake tena, na kiti anapewa Ukasha moja kwa moja. Kisha Hajira akachukua simu. Hakupiga kelele. Alisema tu, Mjomba, nina miaka ishirini na saba, huyu nampenda, nakuomba. Akakata.

Sasa nitaharibuje? Mimi ni dalali wa vyumba, mwaka wa kumi na saba huu. Nikimwona mtu nimeshajua kwao, na nikijua kwao nimeshamjua yeye. Yote nimeyaandika kwenye kaunta buku. Mpare: anazima taa akisikiliza redio. Mhaya: apewe chumba chenye ukuta mpana, vyeti vyake ni vingi. Msukuma: asipewe chumba cha kati, salamu zake zitaamsha nyumba nzima. Mmasai: mlinzi. Kama si mlinzi, anauza dawa.

Kijana mwenyewe anaitwa Mwinjuma, mwalimu wa sekondari Handeni, kwao Dindira. Mshambaa wa milimani. Nimefungua ukurasa mpya.

Jumanne, 6 Agosti

Utafiti. Nimekaa sokoni saa mbili nzima pale wanaposhusha kabichi za milimani. Vikombe vitano vya kahawa. Ukurasa umejaa.

Watu wa Dindira: wanavaa sweta hata kwenye jua la Korogwe. Hawana maneno mengi. Wanatembea wameinama mbele, kwa mazoea ya kupanda kilima. Kwa hiyo mshenga atakuwa mtu wa makamo, mfupi, kimya, ndani ya sweta. Nitamtambua akiwa bado kwenye kona.

Nimemweleza Ukasha. Akauliza kwa nini tusipige tu simu kwa akina Mwinjuma, tukaulizia jina la mshenga. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Na huyu ndiye anautaka ujomba!

Alhamisi, 8 Agosti. Nanenane

Sikukuu, hakuna wapangaji. Nimepanda Koasta hadi Handeni kwa mama kuchukua jogoo. Si jogoo wa hivi hivi. Mwekundu, kifua mbele, anawika kama amelipwa. Nataka mshenga akifika aone kwamba kwa wajomba kuna kitu.

Mama akashangaa kwamba nimefika Handeni na sitaki kwenda kumsalimia Mwinjuma. Nikamwambia mjomba hasalimii, mjomba anachunguza. Nimemchunguza kutokea nyuma ya kibanda cha chipsi, picha aliyonitumia dada ikiwa mkononi. Kijana mrefu, ametulia, anakunywa chai na rafiki zake. Karibu yake amekaa Mmasai mwenye shuka nyekundu. Bila shaka ni mlinzi wa shule. Nimependa kwamba kijana anakula na walinzi. Hana majivuno. Nimempa alama saba.

Jogoo amewika njia nzima hadi Korogwe. Abiria hawakufurahi, lakini abiria wa njia ile hawana subira, wamejaa watu wa Mombo.

Ijumaa, 9 Agosti

Sijawahi kudhalilishwa hivi! Shangazi yake Mwinjuma amepiga simu kutoka Dindira. Sauti ya adabu, shikamoo, habari za nyumbani. Kisha akauliza kama itakuwa vibaya wakija na maji yao ya kunywa. Nikauliza kwa nini. Akasitasita. Akasema wamesikia ukoo wa bibi harusi asili yake Handeni, na kwamba Handeni maji ni ya shida, na halafu, samahani sana, wamesikia Handeni watu wana mambo yao, mgeni akila anaweza kuota mkia.

Mkia!

Yaani mtu hajaniona, hajala kwangu, ameshanihukumu kwa mahali nilipozaliwa! Kuna watu wanaishi hivyo, wanapima wenzao kwa kwao. Sijui wanafundishwa na nani. Nimemwambia wazi kwamba tabia hiyo ni ya kizamani na inarudisha taifa nyuma. Akaomba radhi. Akataka kunitajia jina la mshenga ili nimtambue. Nikamwambia asijisumbue, watu wa milimani nawajua.

Nimekata simu nikiwa mshindi.

Jumamosi, 10 Agosti. Saa nane mchana

Naandika nikiwa chooni kwa dada, ndipo palipo na utulivu. Mambo yanakwenda kama nilivyoyapanga, tena zaidi!

Saa nne na nusu alitokea getini yule Mmasai wa Handeni. Shuka mpya, shanga, fimbo. Akina Mwinjuma wametanguliza mlinzi wao! Hiyo ndiyo adabu. Akanisalimu vizuri, akasema ametumwa kwa mjomba wa Hajira. Nikamwambia ndiye mimi, karibu sana, zamu inaanza sasa hivi, asiingie mtu humu mpaka niseme. Akanitazama. Akauliza, mtu yeyote? Nikamwambia hata awe nani, neno la mjomba ni neno. Akatabasamu, akachomeka fimbo mchangani, akasimama. Ukimjua mtu kwao, kazi inakuwa nyepesi.

Saa tano nikamwona mwenyewe kwenye kona. Mfupi. Wa makamo. Ameinama mbele. Sweta ya kijani, imefungwa vifungo hadi shingoni, na bahasha kwapani! Nilimkimbilia, nikamshika mkono kabla hajasema kitu, nikamwambia mlinzi ampishe. Nimemkalisha kwenye kiti chenye vitambaa. Hasemi. Anaitikia kwa kichwa tu. Ukasha ananinong'oneza kwamba mgeni hajajitambulisha. Wivu huo. Nimemwambia aangalie sweta.

Mgeni ameshamaliza sahani ya pili ya pilau na paja zima la kuku. Nimemwonyesha jogoo, akaitikia kwa kichwa. Dada na Hajira wako ndani, kama ilivyo desturi, hawatoki mpaka barua ipokelewe. Narudi kuipokea.

Siku hiyo hiyo, jioni

Kumetokea jambo dogo.

Nilimwuliza mgeni kama ana chochote cha kutukabidhi. Akafungua bahasha, akatoa karatasi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye sinia, wanawake huko ndani wakapiga vigelegele. Nikampa Ukasha aisome kwa sauti. Wakazi wa mtaa huu wanatangaziwa kwamba maji yatakatika Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi. Vigelegele vikafia njiani.

Anaitwa Raymond. Msoma mita za maji. Kwao Masasi, kwenye joto. Sweta ni kwa sababu ya homa. Hasemi kwa sababu mafua yamemkausha sauti. Alikuja kusoma mita na kuacha tangazo. Alitushukuru kwa pilau, kwa kunong'ona, akaenda kusoma mita.

Wakati huo Hajira akachungulia dirishani, akapiga ukelele. Mwalimu Leboo! Kwa nini amesimamishwa juani?

Mlinzi wangu si mlinzi. Ni mwalimu wa hesabu, anafundisha pamoja na Mwinjuma, ndiye rafiki yake mkubwa, ndiye mshenga. Barua ilikuwa ndani ya shuka muda wote. Shuka aliivaa kwa sababu kwao mtu akienda kwenye jambo la heshima ndivyo anavyovaa. Si hilo tu. Nje ya ukuta walikuwa wamesimama watu wanne wa Dindira tangu saa tano na robo, pamoja na shangazi mtu na chupa zake za maji. Leboo alikataa kuwaingiza. Kila wakimsihi aliwajibu kwamba mjomba ameagiza asiingie mtu, na neno la mjomba ni neno.

Dada alitoka, akaiondoa ile karatasi ya maji kwenye sinia. Hajira alikaa chini kwenye sakafu, kanga usoni, mabega yanacheza. Hapo moyo wangu ulishuka, nakiri. Shangazi alikuwa ameshaanza kusema warudi zao, kwamba Handeni ni Handeni tu. Leboo akamwomba atulie. Akaingia, akakataa kukaa, akasema posa ina desturi zake. Upande unaokosea hutozwa faini, siku zote wanaotozwa ni wao waposaji, lakini leo amekosa mjomba, basi atoe mjomba. Jogoo, tena yule yule. Na mjomba ashike fimbo akalinde geti mpaka barua isomwe.

Watu wote walinigeukia. Ukasha alikuwa ameshakisogelea kiti.

Nikachukua fimbo.

Nimesimama getini dakika arobaini. Jua kali. Nikaisikia sauti ya Ukasha ikisoma, na safari hii vigelegele havikukatika. Nikasikia Hajira anacheka. Basi hapo hapo nilikohoa, kwa nguvu, nikiwa nimeelekea ndani. Kwa hiyo mjomba alikohoa na shughuli ikaenda! Mimi ndiye mjomba wa kwanza katika historia ya Korogwe kukubali posa kutokea getini. Na hakuingia mtu.

Leboo alipokuwa anaondoka na jogoo kwapani alinipa mkono. Akasema nimelinda vizuri, nikikosa wapangaji niende Handeni, watanitafutia shule.

Nimerekebisha kaunta buku. Mmasai: futa "mlinzi", andika "mshenga". Sweta: futa "Dindira", andika "msoma mita".

Jumapili, 25 Agosti

Siku ya ndoa! Dada alinipangia kazi ya kuangalia viatu mlangoni. Kazi nyeti. Nani ataingia bila kunipita mimi?

Safari hii nilijiandaa. Wa kwanza kufika alikuwa Mmasai, shuka nyekundu, begi begani. Sikurudia kosa! Nilimwamkia kwa heshima, nikamshika mkono, nikamkalisha mbele kabisa, kiti cha pili kutoka kwa bwana harusi. Anaitwa Kaika. Kila nilipomwuliza anafundisha somo gani alicheka. Mtu mnyenyekevu.

Kisha akaja mzee mmoja kwa bodaboda kutoka Mnyuzi. Vumbi hadi kwenye kope, mabuti ya shamba, mfuko wa sandarusi mkononi. Akasema amekuja kwa ajili ya ndoa. Nikamwambia wote tumekuja kwa ajili ya ndoa. Kaunta buku liko wazi: mtu wa Mnyuzi ni mkulima, amekuja kuuza au kubeba. Nikampeleka nyuma kwa wapishi, nikampa kisu na gunia la vitunguu. Alijaribu kusema jambo. Nikamwambia mshahara wake uko kwa Mungu. Akasema hilo ni kweli, akakaa akaanza kumenya.

Tukamsubiri sheikh. Saa nzima. Bwana harusi anajifuta jasho. Shangazi wa Dindira amemaliza maji yake na sasa anakunywa ya kwetu. Shemeji amesimama, anapiga simu kila mahali. Dada anachungulia. Hajira ndani amekwishalia wanja wote. Mimi niliwatuliza, nikawaeleza kwamba masheikh wa mjini ndivyo walivyo.

Shemeji akapiga simu ya mwisho. Simu ikaita jikoni.

Mzee wa vitunguu alitoka macho mekundu, machozi yanatiririka, kanzu akaitoa kwenye ule mfuko wa sandarusi. Shemeji aliuliza nani amempeleka jikoni. Sheikh akasema asilaumiwe mtu, gunia amelimaliza. Akafungisha ndoa ile ananuka vitunguu, kwa sauti nzuri mno, na kwa sababu yeye alikuwa analia, watu wote wakalia. Wakubwa kwa wadogo. Hakuna ndoa Korogwe iliyowahi kuliza watu hivyo, na aliyempa vitunguu ni nani? Hajira alipotoka, mke wa mtu, alinikumbatia. Alisema, Mjomba, nakupenda, lakini naomba usije Handeni bila kupiga simu.

Kaika naye hakuwa mshenga wala mwalimu. Anauza kubazi, viatu vya ngozi. Ameuza jozi nne pale pale mbele, moja kwa bwana harusi. Hiyo nayo ni mafanikio.

Sasa mambo yamekaa sawa kwenye kaunta buku. Mmasai: muuza kubazi. Watu wa Mnyuzi: masheikh, wote, hata wakija na mabuti. Ukasha amesema nilitupe daftari hilo kwenye moto wa pilau. Wivu haujamtoka.

Kesho kutwa anakuja fundi wa kuzibua choo changu. Nimeulizia, ni mtu wa Mnyuzi. Nimeshatandika mkeka, nimenunua ubani, na nimewaalika majirani waje na watoto wao kusomewa dua.